Faili la funguo, na kadi ya mjomba

Najua nimewatelekeza. Tulikuwa kwenye UE, na wiki za UE mnazijua wenyewe, mtu hata kunyoa ndevu hakumbuki. Karatasi ya mwisho nimeimaliza Ijumaa, kichwa kimeanza kupoa, nimekaa zangu hapa Mabibo hosteli na chai ya rangi na maandazi mawili, nikasema leo lazima niandike kitu. Bahati nzuri mada imejileta yenyewe.

Juzi usiku, kwenye saa nne hivi, nikapata ujumbe kutoka Kyela. Ni mdogo wangu, mtoto wa mjomba, yuko kidato cha tatu kule Ipinda. "Shikamoo kaka. Una lile faili la funguo? Emuleta imegoma, inasema haina funguo."

Kwa wasiojua, emuleta ni programu inayojifanya mashine nyingine. Unaiweka kwenye simu au kompyuta, halafu ile simu inajifanya PlayStation au Nintendo, unacheza gemu zake. Dogo ameazima simu ya mtu yenye nguvu kidogo, akaweka emuleta ya Nintendo Switch, gemu kapewa na wenzake, na sasa kakwama mlangoni. Emuleta inadai faili liitwalo prod.keys.

Jamaa wa chumba cha pili analo hilo faili. Nililifungua nikalitazama. Ni maandishi matupu: mstari, jina la ufunguo, alama ya sawasawa, halafu msururu wa tarakimu na herufi, mwingi wa mistari ukiwa na 32. Kilobaiti chache tu, dogo kuliko picha yako ya pasipoti. Kulituma Kyela, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa, ni sekunde mbili.

Lakini kidole kikasita. Sikumjibu usiku ule. Nimekaa siku mbili nasoma historia ya hizi funguo badala ya kulala, na leo nawamwagia yote, manake kumbe hii historia imepita hadi kwenye banda la bati pale Kyela nilikokulia, na mimi sikuwa na habari.

Kwanza Kyela yenyewe. Ukitoka Mbeya mjini unapanda mpaka kwenye baridi ya Tukuyu, halafu barabara inaanza kushuka, chai, migomba, migomba tena, mpaka joto linakupiga usoni kama umefungua jiko. Hapo umefika. Mchele mnaoupigania huku Dar ndiko unakotoka, na kakao pia. Mbele yako ni Ziwa Nyasa, mkono wa kushoto ni safu ya milima ya Livingstone inayoshukia Matema, mkono wa kulia ni mto Songwe na mpaka wa Kasumulu wa kwenda Malawi. Mvua ya kwetu haina mzaha. Ikianza Machi, vitu vya umeme vinaota kutu huku unavitazama.

Mjomba wangu alikuwa na banda la gemu karibu na soko. Kuta za bati, mabenchi mawili, runinga mbili za kichogo. Mechi moja shilingi 200, ukifungwa unampisha mwenzako. Mimi nilimwita mjomba naye akaniita mjomba, kama ilivyo desturi, na kazi yangu ilikuwa kukusanya hela na kuamulia ugomvi wa pedi.

Alipoanza, kabla mimi sijapata akili, alikuwa na ile PlayStation ya kwanza ya kijivu. Aliinunua Mwanjelwa, Mbeya, na muuzaji akamhakikishia kwamba "hii imeshachipiwa". Mjomba alipenda kulisimulia neno hilo kama mtu anayesema ng'ombe wake ameshachanjwa. Nimekuja kuelewa maana yake juzi!

Iko hivi. CD halisi ya PlayStation, iliyotoka Japani mwaka 1994, ilikuwa na siri karibu na kitovu chake. Mstari unaosomwa na mwanga wa leza ulitikiswa kwa makusudi kidogo sana, na ndani ya ule mtikisiko zilifichwa herufi nne. Za Japani zilikuwa SCEI, za Marekani SCEA, za Ulaya SCEE. Mashine ikiwashwa inazitafuta herufi za ukanda wake kwanza. Ikizikosa, hakuna gemu. Sasa CD tupu unayonunua dukani ina mfereji wake tayari, na mashine ya kuchomea CD haiwezi kuutikisa itakavyo. Kwa hiyo ukinakili gemu, unanakili kila kitu isipokuwa zile herufi nne. Wajanja wakatengeneza kidude kidogo, wakakilehemu ndani ya mashine, kazi yake kuzinong'ona zile herufi kila mashine inapouliza. Ni kama mtu aliyesimama mlango wa ukumbi wa harusi, kila anayekuja bila kadi anasema "huyu wa kwetu, huyu naye wa kwetu". Hiyo ndiyo chipu. Herufi nne! Biashara nzima ya mjomba ilisimama juu ya herufi nne.

Na wala Sony hawakuwa wa kwanza kuweka kufuli. Mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, iliyoitwa Famicom, haikuwa na kufuli lolote. Ndiyo maana viwanda vya Asia viliiga mpaka vikachoka, na zile mashine za kaseti za njano ambazo baadhi yenu mlizikuta kwa majirani, zenye gemu "mia tisa" ambazo ukizihesabu ni tano, ni watoto wa Famicom isiyofungwa. Ilipoingizwa Marekani mwaka 1985, baada ya soko la gemu la huko kuporomoka mwaka 1983, ikawekewa chipu mbili: moja ndani ya mashine, moja ndani ya kaseti. Zinaongea. Zisipoelewana, mashine inajizima na kujiwasha mfululizo na hakuna cha kucheza. Kampuni ya Atari Games ilitaka kutengeneza kaseti bila ruhusa, ikashindwa kuufumbua ule mchezo wa chipu. Mwaka 1988 wakaenda Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani, wakadai wana kesi na wanahitaji nakala ya ile programu iliyosajiliwa pale. Kesi hawakuwa nayo. Wakapewa! Mahakama ya rufaa ilipokuja kulitolea uamuzi mwaka 1992, ule uongo uliwatokea puani.

Nimeisimulia hiyo kwa sababu inaonyesha jambo ambalo litajirudia mpaka mwisho: ufunguo haukuvunjwa kwa nguvu, ulikutwa mahali.

Turudi bandani. Baadaye mjomba akahamia PS2, ile nyembamba. Hii ndiyo mashine niliyokulia mimi, na si mimi tu, dunia nzima ziliuzwa zaidi ya milioni 150. Tatizo lake lilikuwa jicho la leza. Vumbi la kiangazi na unyevu wa masika vinalimaliza, na CD zikichubuka ndiyo basi. Mwaka mmoja akaja fundi kutoka Mbeya akamuuzia mjomba memori kadi. Akasema ichomeke hapa, flashi chomeka pale, CD sahau. Na kweli! Ukiwasha, badala ya ile menyu ya kawaida inakuja nyingine, unachagua gemu iliyo kwenye flashi. Sisi tuliiita "kadi ya fundi", hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Kumbe ile kadi ina jina, Free McBoot, na ilianza kusambaa mwaka 2008. PS2 ilikuwa na mlango wa halali: mashine ikiwaka inatazama kwenye memori kadi kama kuna programu ya kuboresha mfumo, na programu hiyo lazima iwe imesimbwa. Kusimba ni kugeuza maandishi kuwa fumbo kwa hesabu, mpaka mwenye ufunguo alifumbue. Ufunguo huo hawa vijana hawakuwa nao. Walichofanya ni kuiomba mashine yenyewe iwasimbie programu yao kwa kadi ile ile iliyochomekwa. Mlinzi akafungua geti kwa mkono wake. Ndiyo maana ukikopi mafaili ya kadi ya fundi kwenye kadi nyingine hayafanyi kazi, fumbo limefungwa na kadi moja. Mjomba aliwahi kujaribu, akaishia kumlaumu fundi wa watu bure.

Halafu mnakumbuka zile video za mwanzo wa gemu zilivyokuwa zinakatakata kama mtu mwenye kwikwi? Tulidhani flashi ni feki. Kumbe tundu la USB la PS2 ni la kizazi cha kwanza, data inapita taratibu kama foleni ya Ubungo. Miaka yote hiyo!

Programu kama hizi zilizotengenezwa na watu nyumbani, bila kibali cha kampuni, Wazungu wanaziita kwa jina la pombe ya kienyeji. Sitanii. Yaani ni kimpumu cha kompyuta. Na kama kimpumu, kuna anayekitengeneza kwa ajili ya furaha yake na majirani, na kuna anayekitumia vibaya. Wengi wa waliofungua hizi mashine walisema wazi kwamba walitaka kuendesha programu zao wenyewe. Ila mlango ukishafunguka hauulizi anayepita kabeba nini.

Sasa tuingie kwenye funguo zenyewe, zile za namba. Hapo kabla ilikuwa herufi nne na minong'ono. Kuanzia miaka ya 2000 kampuni ziliingia kwenye hesabu nzito. Ufunguo wa biti 128 ni chaguo moja kati ya namba yenye tarakimu 39. Hata ukipewa punje za mchele wote uliowahi kuvunwa bonde la Kyela uzihesabu, hujaigusa hiyo namba. Kwa hiyo kubahatisha hakupo. Lakini angalia kilichotokea.

Mwaka 2001 Microsoft walitoa Xbox. Ufunguo ulikuwa umefichwa ndani ya chipu moja, na wakati wa kuwaka ile siri ilisafiri kupitia nyaya za ubao kwenda kwenye chipu nyingine, bila kusimbwa. Waliamini mwendo wake ni wa kasi mno, hakuna atakayeweza kusikiliza. Mwanafunzi wa udaktari wa MIT, Andrew Huang, watu wanamwita bunnie, akatengeneza kibao chake cha kusikilizia na mwaka 2002 akaandika kila kitu alichokuta. Mwanafunzi, wadau! Halafu akaandika kitabu, mchapishaji akaogopa ile sheria ya Marekani ya 1998 inayokataza kukwepa kufuli za kidijitali, akakiacha. Bunnie akakitoa mwenyewe mwaka 2003.

Nintendo Wii ilitoka 2006. Ilikuwa na uwezo wa kucheza gemu za mashine ya zamani, GameCube, na ikiwa kwenye hali hiyo inaruhusiwa kuona sehemu ndogo tu ya kumbukumbu yake. Ile sehemu nyingine haikufutwa. Kundi moja la wajanja likachukua kibano, kibano kabisa cha kutolea mwiba, wakagusanisha nyaya kwenye ubao mpaka lile dirisha dogo likahama na kuonyesha sehemu iliyofichwa. Funguo zilikuwa zimelala humo. Wakajiita Team Twiizers, kwa heshima ya kibano. Na mwaka 2008 watu wa kawaida wakapata njia ya kuendesha programu zao kwenye Wii kupitia gemu ya Zelda: unapakia faili lililohifadhiwa ambalo farasi amepewa jina refu kupita kiasi, mashine inachanganyikiwa, mlango unafunguka. Jina la farasi!

Ila kiboko yao ni PS3. Hii ilidumu tangu 2006 bila kuvunjwa kwa maana ya kweli, na sababu moja inayotajwa ni kwamba Sony waliacha mlango wa halali wa kuweka Linux, kwa hiyo wenye hamu walikuwa na pa kuchezea. Aprili 2010 mlango ule ukaondolewa. Desemba mwaka huohuo, kwenye mkutano Berlin, kundi la fail0verflow likapanda jukwaani na kueleza hivi: kila programu ya PS3 ina sahihi ya kihesabu, na kila unapotia sahihi lazima utumie namba mpya ya kubahatisha. Sony walitumia ile ile kila mara.

Nani hapa alisoma hesabu za kidato cha pili? Sahihi moja ni mlinganyo mmoja wenye vitu viwili visivyojulikana, namba ya kubahatisha na ufunguo wa siri. Huwezi kuutatua. Ukiwa na sahihi mbili zenye namba ya kubahatisha tofauti bado umekwama, manake visivyojulikana vimeongezeka. Lakini namba ikiwa ile ile, una milinganyo miwili na visivyojulikana viwili. Mtoto wa kidato cha pili anajua kinachofuata. Ufunguo mkuu wa kampuni kubwa namna ile ukatoka kwa hesabu tuliyokuwa tunachapiwa viboko tukiikosea. Januari 2011 kijana wa Kimarekani, George Hotz, akaweka hadharani funguo za ngazi ya juu zaidi, Sony wakamshitaki, wakamalizana nje ya mahakama mwaka huohuo.

Mkipanga hizo hadithi pamoja mtaona hakuna aliyekisia namba. Kila mara ufunguo ulikuwa umeachwa mahali: kwenye nyaya, kwenye kumbukumbu isiyofutwa, kwenye hesabu ya kivivu. Na ni lazima iwe hivyo. Mashine haiwezi kufungua gemu bila ufunguo, kwa hiyo ufunguo lazima uwe ndani ya mashine, na mashine iko sebuleni kwako. Umeuziwa nyumba, ufunguo wa chumba kimoja umezikwa ukutani, halafu unaambiwa usibomoe. Kufuli la namna hii kazi yake ni kununua muda, na kuamua nani anahesabika kuwa mteja. Sisi wa Kyela hatukuwahi kuwa kwenye hesabu hiyo. Mashine zilitufikia zikiwa zimeshafunguliwa na watu tusiowajua, tukadhani ndivyo zilivyozaliwa.

Hata leo vijana wengi wa kwetu wanacheza mpira kwenye simu kwa PPSSPP, emuleta ya PSP iliyoanzishwa na Henrik Rydgård mwaka 2012, na haijawahi kuwauliza ufunguo hata siku moja. Kwa nini? Kwa sababu umo ndani yake. Funguo za PSP zilipatikana mapema 2011, PS3 ilipofunguka, na waandishi wa programu wakaziweka humohumo. Dolphin, emuleta ya Wii, nayo imebeba ufunguo wa Wii ndani ya maandishi yake tangu 2009. Mwaka 2023 walipotaka kuiweka kwenye duka la Steam, Valve wakawauliza Nintendo, Nintendo wakakataa, na kisa kilichotajwa ni ufunguo ule ule. Dolphin wakaachana na Steam lakini programu yao ipo.

Za Switch zilikwenda njia nyingine. Switch ilitoka Machi 2017. Aprili 2018 Kate Temkin na wenzake wakatangaza kosa lililo kwenye programu ya mwanzo kabisa ya ile chipu ya NVIDIA, iliyochomwa ndani ya chipu kiwandani, kwa hiyo kwa mashine zilizokwishauzwa haiwezekani kurekebishwa. Kwa njia hiyo mwenye mashine anaweza kutoa funguo zake mwenyewe na kupata lile faili, prod.keys. Emuleta kama Yuzu na Ryujinx zikaamua kutobeba ufunguo hata mmoja: mtumiaji atauleta mwenyewe kutoka kwenye mashine yake. Walidhani hapo wamejikinga. Februari 2024 Nintendo wakawashitaki wenye Yuzu, wakisema programu yao haina kazi bila funguo hizo na wao ndio wanaowaelekeza watu namna ya kuzipata. Wiki haikupita sana, Machi 4, Yuzu wakakubali kulipa dola milioni 2.4 na kufunga. Oktoba mwaka huo Ryujinx nayo ikasimamishwa. Kesi haikusikilizwa mpaka mwisho, kwa hiyo swali lenyewe, kama kutumia ufunguo wa mashine uliyoinunua ni kosa, halijapata jibu pale.

Basi hilo ndilo faili ambalo dogo ananiomba kama anaomba vocha.

Sasa niwaambie kwa nini nilisita. Mjomba alifariki mwaka 2021. Banda lilikuwa limeshakufa kabla yake, simu zililiua. Likizo iliyopita mke wa mjomba akanipa katoni: PS2, pedi mbili, nyaya, na kadi ya fundi. "Wewe ndiye unayejua haya mambo, mjomba wako angependa ukae nayo." Niliiwasha palepale nyumbani kwa runinga ya jirani. Iliwaka! Kwenye kadi kulikuwa na ligi ya mjomba, ile aliyokuwa anaicheza peke yake usiku baada ya kufunga banda, ambayo hakuna mteja aliyeruhusiwa kuigusa. Mara ya mwisho kuhifadhiwa, 2014.

Kadi hizi hazidumu milele, na kwa unyevu wa kwetu ndiyo kabisa. Nikatumia programu iliyomo kwenye kadi hiyohiyo kunakili ligi kwenye flashi. Halafu nikatoa na BIOS ya ile mashine, ile programu ya msingi ambayo emuleta ya PS2, PCSX2, inaidai kama Switch inavyodai funguo, na wenyewe wanasema uitoe kwenye mashine yako. Nikafanya hivyo, mashine ni yetu. Gemu yenyewe ilikuwa CD ya kuchoma, siwezi kujifanya malaika hapo.

Nilipofika chuo nikafungua ile ligi kwenye laptopu. Timu ameiita KYELA. Wachezaji wote amewabadilisha majina. Kipa ni mimi, jina langu la utani, lile la bandani. Beki namba 5 ni fundi. Na mshambuliaji namba 9, mfungaji bora wa misimu mitatu mfululizo, ana jina la mwanawe, huyu huyu wa Ipinda, ambaye mwaka 2014 alikuwa na miaka mitano na pedi alikuwa hajui hata kuishika.

Nilikaa muda mrefu natazama ile orodha.

Kama kusingekuwa na watu waliofungua zile kufuli, ile kadi ingekufa na hayo majina ndani yake. Hili sitalisahau ninapowasikia watu wakisema funguo hizi ni za wezi tu. Nintendo walipofunga duka la mtandaoni la 3DS na Wii U, Machi 27, 2023, gemu zilizokuwa zinauzwa humo peke yake hazinunuliki tena hata ukiwa na hela mkononi. Zitakazobaki zitabaki kwa sababu mtu fulani alitunza nakala na ufunguo wake.

Lakini ile BIOS niliitoa kwenye mashine ya mjomba. Hili faili la chumba cha pili ni la mashine ya mtu nisiyemjua, kwa ajili ya gemu ambayo dogo hajainunua, na walioitengeneza bado wanaiuza. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na hiyo ya pili inagusa mpaka kugawa misimbo ya kuingilia mifumo. Mimi si mwanasheria, na sijasikia mtu wa Ipinda aliyekamatwa kwa emuleta. Ila kama namtumia, nataka nijue ninachomtumia, na sikuweza kujiambia ni kitu kimoja na kile nilichofanya na kadi. Najua pia ni rahisi kwangu kusema, mimi nilicheza utoto mzima kwa CD za kuchoma. Yeye amezaliwa kwenye mashine zilizofungwa.

Jana asubuhi nikampigia. Nikamwambia faili sitatuma, nikamweleza kwa nini, akanyamaza. Akasema "sawa kaka" kwa ile sauti ya mtu ambaye ataomba kwa mwingine, na pengine ataomba kweli. Nikamwambia likizo nakuja na laptopu, kuna ligi ya baba yako nataka uimalizie.

Akauliza, "Ligi gani?"

Sikumwambia namba 9 ni nani. Ataona mwenyewe.

Haya wadau, niishie hapa, chai imeshapoa na maandazi yamekwisha zamani. Wa Kyela mliopo Mlimani, tukutane Jumapili, kuna mtu kaja na mchele.